Wasomaji wa Gahini: Jinsi Neno Lilivyowakuza Walokole

Septemba 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni, alifika Kampala akiwa hoi. Alikuwa ametoka Gahini, kilima kinachotazama Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, ambako hospitali yake changa ilielemewa na njaa ambayo Wanyarwanda wanaikumbuka kwa jina la Rwakayihura. Watu walikufa njiani wakikimbilia Uganda. Daktari mwenyewe alijiona ameishiwa: nguvu hana, na imani aliyokuwa akiwahubiria wengine haimpi tena raha.

Jumapili moja, kilimani Namirembe karibu na kanisa kuu la Waanglikana, akamkuta Mganda mmoja amesimama kando ya pikipiki yake. Huyo alikuwa Simeoni Nsibambi, mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Walikuwa wamewahi kuonana kabla ya hapo, na Nsibambi naye alikuwa na kiu ileile. Wakapatana wakae pamoja. Kwa siku mbili walifungua Biblia ya Scofield, ile yenye marejeo pembeni yanayomtoa msomaji aya moja na kumpeleka nyingine, wakafuatilia habari za Roho Mtakatifu kitabu baada ya kitabu. Walisoma, wakanyamaza, wakaomba, wakarudi tena kusoma.

Kutokana na siku hizo mbili na nyingine zilizofuata ulizaliwa uamsho uliopita Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika, ukawaacha nyuma watu ambao hadi leo tunawaita walokole. Historia yake mara nyingi husimuliwa kwa mikutano mikubwa na machozi ya toba. Ukiisogelea, chini ya mikutano hiyo utawakuta watu wachache wameketi na Biblia, kila mmoja akijiuliza aya hii inanitaka nifanye nini kabla jua halijachwa.

Dini ya kusoma

Namirembe haikuanza kusoma mwaka 1929. Msafiri Henry Morton Stanley alipopita katika ikulu ya Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1875, alimwachia kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Waanglikana Unguja. Kazi ya Maftaa ilikuwa kumsomea Kabaka Maandiko na kumfasiria, na lugha aliyokuja nayo ilikuwa Kiswahili. Wamisionari wa kwanza walipowasili Juni 1877, nao walitegemea Kiswahili, kwa kuwa Injili zilizotafsiriwa Unguja na Edward Steere ndizo zilizokuwa karibu. Kwa hiyo baadhi ya Waganda wa kwanza kukutana na habari za Yesu kwenye karatasi walizisoma kwa lugha ya pwani.

Waliofuata dini mpya waliitwa abasomi, wasomaji. Jina liliwafaa. Vijana wa ikulu walijifunza herufi kwa siri na wakapeana kurasa, hata pale ambapo kukutwa nazo kulikuwa hatari. Mwaka 1886, chini ya Kabaka Mwanga, baadhi yao, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo.

Baada ya hapo akaja George Pilkington, msomi wa Cambridge mwenye kipaji cha lugha. Kwa msaada wa Henry Wright Duta na Waganda wengine, alikamilisha Biblia nzima ya Kiganda katika miaka ya 1890. Lakini mwaka 1893 Pilkington alikuwa amevunjika moyo. Alijitenga katika kisiwa cha Kome, Ziwa Viktoria, na huko akasoma kijitabu cha mwinjilisti Mtamil kutoka India. Alirudi Mengo, mji mkuu wa Buganda, akiwa mtu mwingine, akasimama mbele ya kanisa na kukiri ukavu wake mwenyewe. Mwaka uliofuata vijumba vya kusomea vikaenea vijijini, vya miti na nyasi, ambamo mwalimu asiye na mshahara mkubwa aliwafundisha majirani herufi kwa kutumia Injili. Aliyetaka kubatizwa alitakiwa kwanza aweze kusoma.

Walifika mahali pa kuichapa Biblia ya Kiganda katika umbo nene na jembamba, ili iingie katika kopo la biskuti la Huntley & Palmers. Kopo lile liliilinda na mchwa. Mtu hujishughulisha namna hiyo na kitabu anachotaka kukisoma mpaka uzeeni.

Baridi

Halafu mambo yakanyooka mno. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwapa machifu ardhi zilizoitwa mailo, na machifu hao wengi wao walikuwa wasomaji. Ubatizo ukawa ngazi ya kupata jina, kazi na cheo. Kufikia miaka ya 1920 makanisa yalijaa siku za sikukuu, ilhali watu waliokuwa wakilifungua lile kopo nyumbani walipungua. Wakristo wengi waliishi maisha mawili, ya Jumapili na ya siku sita nyingine, na jambo hilo halikumshangaza mtu.

Nsibambi alikulia ndani ya Ukristo huo. Alikuwa mtoto wa ukoo wenye nafasi, amesoma, na alitamani kwenda kusoma zaidi ng'ambo. Nafasi hiyo alipoikosa aliumia sana. Katika maumivu hayo, miaka ya 1920, ndipo alipoanza kuutafuta uhai wa milele aliokuwa akiusoma bila kuujali. Baada ya zile siku mbili na Church aliacha kazi ya serikali, akaanza kusimama nje ya kanisa kuu Namirembe akiwauliza waumini waliotoka ibadani kama wameokoka. Wengi walikasirika. Mtu aliyebatizwa tangu utotoni, tena mzee wa kanisa, anaulizwaje swali kama hilo?

Gahini

Church alirudi Rwanda na kuikuta hospitali ileile, na ugomvi uleule kati ya wafanyakazi na wamisionari. Mmoja wa waliokuwa na kinyongo alikuwa Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali. Kinuka alikwenda Kampala, akamtembelea Nsibambi na kumweleza yote yaliyoharibika Gahini. Nsibambi alimsikiliza, kisha hakuanza na hospitali. Alimuuliza habari za Kinuka mwenyewe. Aliporejea Gahini, Kinuka alikuwa ameshajitoa kwa Kristo njiani, na wenzake wakaona kwamba huyu siye aliyeondoka.

Mwingine alikuwa Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekwenda Gahini kufundisha. Kigozi alikuwa kijana mpole mwenye bidii, lakini mwaka 1935 alijiona mkavu. Alijifungia kibandani kwa muda wa wiki nzima akisoma na kuomba, na alipotoka alikwenda moja kwa moja kuwaomba radhi aliokuwa amewakosea. Baada ya hapo mahubiri yake yalikuwa na moto ambao watu walishindwa kuukwepa.

Kati ya safari ya Kinuka na wiki ile ya Kigozi, siku za baada ya Krismasi 1933, Gahini ilifanya mkutano wa mafundisho ya Biblia. Siku zote mafundisho yalikwenda kwa utulivu, mpaka mwisho, kwenye maombi, mtu mmoja akasimama akaungama dhambi yake waziwazi. Akafuata wa pili, wa tatu, na zaidi ya saa mbili zikapita bila watu kuacha kusimama. Wamisionari hawakuwa wamelipanga jambo hilo, na baadhi yao hawakujua walipokeeje.

Walivyosoma

Septemba 1935, timu ya Gahini pamoja na Nsibambi ilialikwa Kabale, katika Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Kwa siku kadhaa walifundisha kwa mpangilio: siku ya dhambi, siku ya toba, siku ya kuzaliwa mara ya pili, siku ya kutoka Misri, siku ya Roho Mtakatifu na maisha ya ushindi. Msikilizaji alipelekwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na aya zake za kufungua na kusoma kwa macho yake. Baadaye, mwaka 1938, Church alichapisha maelezo ya masomo ya namna hiyo katika kitabu ambacho jina lake lenyewe lilitaka kila mtu awe mwanafunzi wa Biblia.

Lakini mkutano mkubwa huisha, na watu hurudi makwao. Kilichowakuza ni ushirika, kikao kidogo cha ndugu kilichokutana kila wiki, mahali pengine zaidi ya mara moja kwa wiki. Mtindo wake ulikuwa rahisi. Anasoma mmoja, labda kwa Kiganda, na mwingine kwa Kinyankole au Kiswahili. Wanakaa kimya. Kisha mtu anasema aya hiyo imemwonyesha nini juu ya wiki yake, si juu ya wiki ya mwingine. Mwalimu mkuu wa shule anazungumza, mpishi anazungumza, na mama asiyejua kusoma, aliyesikia tu, naye anazungumza. Msomi hapati zamu ndefu kuliko wengine. Mtu akikiri jambo, wote wanaimba Tukutendereza Yesu kwa Kiganda, na wimbo huo ulivuka mipaka bila kutafsiriwa.

Sura waliyoirudia sana ni ya kwanza ya waraka wa kwanza wa Yohana, inayozungumza juu ya kutembea nuruni na kushirikiana sisi kwa sisi. Waliichukua kama maagizo ya kazi. Kutembea nuruni kulikuwa na maana kwamba jambo ulilomficha mwenzako ulitoe leo. Walipenda pia habari za Zakayo katika Luka 19, na ile ya Mathayo 5 ya mtu anayeiacha sadaka yake madhabahuni ili kwanza akapatane na ndugu yake.

Hapo ndipo kusoma kulipoanza kugharimu. Muuguzi alirudisha vifaa vya hospitali alivyovichukua. Karani alipeleka fedha aliyoipunguza. Mkulima alimrudishia jirani jembe lake na mbuzi wake, na wengine walifika hadi ofisi za serikali kulipa kodi walizokwepa, wakawaacha maofisa hawajui waziandike wapi. Mtu akitoa ushuhuda ushirikani kwamba ametubu wizi, ndugu walikuwa na swali lao: je, umeshakwenda kwa mwenyewe? Kama hajakwenda, ushuhuda ulikuwa haujaisha.

Vivyo hivyo kwa rangi. Katika koloni ambamo Mzungu na Mwafrika hawakuketi meza moja, wamisionari na wauguzi walifika kuombana radhi mbele ya wenzao kwa kiburi, dharau na chuki. Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi aliyeokoka mapema miaka ya 1940, alisimulia mwenyewe jinsi alivyopanda baiskeli maili zipatazo 50 kwenda kumwomba msamaha Mzungu aliyekuwa akimchukia. Mzungu yule hakuwa hata na habari kwamba anachukiwa. Kivengere alikwenda kwa sababu aya aliyoisoma haikumwachia njia nyingine.

Moto na moshi

Januari 1936 Kigozi alikwenda Kampala kuzungumza mbele ya sinodi. Alikuwa na mambo matatu ya kuwaambia wakubwa wa kanisa: ubaridi wa kanisa, watu wanaoshiriki meza ya Bwana huku wakiishi dhambini waziwazi, na haja ya kuamka. Homa ilimkamata, akafa kabla ya kusimama. Neno lake la kuamka, Zukuka, lilibaki kuwa mwito wa uamsho.

Mwaka 1937 timu ilifika Kenya, na muda mfupi baadaye uamsho ulikuwa umeingia Tanganyika magharibi ya Ziwa Viktoria, kupitia Katoke na Bukoba, ukawafikia Waanglikana na Walutheri pamoja. Mwalimu Kivengere naye alikuja kufundisha Dodoma kwa miaka mingi. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyounganisha kazi ya Unguja na ya Mombasa, iliwakuta walokole tayari wamezoea kufungua kitabu kimoja wakiwa watu wa makabila mengi.

Ulikuwepo moshi pia. Wapo walioungama dhambi za wenzao badala ya zao. Wapo waliopiga kelele usiku kucha, na waliopima wokovu kwa urefu wa gauni. Oktoba 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Teolojia cha Askofu Tucker, Mukono, miongoni mwao William Nagenda, aliyekuja kuwa mmoja wa wahubiri wakubwa wa uamsho. Waliamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri, walikatazwa, wakaona kutii katazo hilo ni kumwasi Mungu. Wengi wao hawakupata upadri maishani. Hata hivyo kundi kubwa la walokole halikujitenga. Walibaki katika makanisa yao, wakikemewa na wakikemea, na uamuzi huo wa kubaki ndio ulioyabadilisha makanisa yenyewe. Josiah Kibira, mtoto wa uamsho wa Bukoba, alikuwa askofu wa Walutheri mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri la Dunia.

Mtihani wa damu

Kusoma kwao kulipimwa vikali zaidi pale siasa zilipowaka. Kenya, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, walokole wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau. Walisema wameshaipokea damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Baadhi yao walikataa pia bunduki walizopewa na serikali. Wakashukiwa na pande zote mbili, na kati yao wapo waliopigwa na waliouawa. Obadiah Kariuki, kiongozi wa uamsho, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, katikati ya vita hivyo.

Uganda, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika ushirika wa Acholi mwaka 1948, aliuawa na utawala wa Idi Amin baada ya maaskofu kumwandikia rais barua kuhusu mauaji nchini. Kivengere, wakati huo askofu wa Kigezi, alikimbia usiku kupitia milimani hadi Rwanda. Alikuwa amejaa uchungu. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alisikia yakisomwa maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha. Alijiuliza kama Amin naye yumo katika ombi hilo, akaona hana namna ya kumtoa. Mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho jina lake linatamka kwamba anampenda Idi Amin. Kitabu hicho hakikuficha uovu wa Amin. Kivengere alisamehe huku akiendelea kuusema.

Tukiishia hapo, hadithi itakuwa tamu kupita ukweli. Uamsho uliwaka kwanza Gahini, nchini Rwanda, na Rwanda ndiyo nchi ambayo kati ya Aprili na Julai 1994 mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa, na baadhi ya Wahutu waliokataa kuua wakauawa pamoja nao. Makanisa yakawa machinjio. Wapo waliosimama imara. Kabla ya hapo, Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, aliyewahifadhi wakimbizi, aliuawa kwenye daraja la Nyabarongo, na mwaka 1994 walikuwepo waumini waliowaficha majirani wao na kufa kwa ajili yao. Lakini kanisa kwa jumla lilishindwa.

Kwa nini? Si kwa kukosa Biblia. Kwa miaka mingi ushirika uliwafundisha watu kuwa wakali juu ya jembe, mbuzi na kopo la dawa, na ukawa na kigugumizi juu ya ukabila, vyeo na madaraka. Mtu aliweza kutubu kwamba aliiba sukari, asiulizwe anasema nini nyumbani juu ya kabila la mwenzake. Waliisoma Yohana wa kwanza kwa ajili ya dhambi za mtu mmoja mmoja, na maneno yake juu ya anayemchukia ndugu yake hawakuyafikisha barazani, serikalini na katika mafundisho ya shule. Yalipofikishwa huko, kama kwa Kivengere na kwa Kanamuzeyi, yalizaa matunda. Pale yalipozuiwa, wimbo ulibaki bila Neno.

Hii ndiyo hukumu ninayoitoa juu ya historia hii. Neno liliwakuza walokole kila mahali walipoliruhusu liende hadi kwa jirani, na liliacha kuwakuza hapo hapo walipolizuia. Wingi wa aya walizozikariri haukubadilisha hilo, wala ukubwa wa mikutano yao.

Basi wewe unayetaka kukua, usitafute kwanza mkutano mkubwa wala kitabu kipya cha mafundisho. Tafuta watu wawili au watatu, mmoja wao awe wa kabila lingine au wa hali tofauti na yako. Someni sura moja polepole, mnyamaze, kila mtu aseme imemwonyesha nini juu yake mwenyewe. Wiki inayofuata, kabla hamjafungua sura nyingine, ulizaneni swali la ndugu wale wa zamani: je, umeshakwenda kwa mwenyewe? Na mkiona kuna jambo moja ambalo hakuna kati yenu anayethubutu kulitaja, hilo ndilo mlianze nalo.